Tunavyomlilia Aliyejiua

Anthony Bourdain, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, alionyesha Goma na mto Kongo katika kipindi chake mwaka 2013. Tarehe 8 Juni 2018 alijiua nchini Ufaransa. Mjini New York watu waliweka maua na barua mlangoni pa mkahawa alikowahi kuwa mpishi. Siku hizo simu za kuomba msaada ziliongezeka Marekani: waliolemewa kimya walithubutu kusema.

Kanisa nalo limetembea. Sheria yake ya 1917 iliwanyima mazishi ya Kikanisa waliojiua kwa kusudi. Ile ya 1983 iliacha katazo hilo, na Katekisimu, namba 2283, yafundisha kwamba Kanisa huwaombea. Basi, msiba wa namna hiyo ukifika Keshero, tupime maneno yetu matangani: aliyelemewa yupo kati yetu, anasikiliza.