Wanamaji wa Nchi Kavu: Tarehe Inayoanzia Katangi

Mtu akiambiwa kwamba afisa fulani wa Jeshi la Wanamaji la Kenya ni mzaliwa wa Katangi, huuliza kwanza alijifunzia wapi kuogelea. Swali lina haki yake. Katangi ni mji mdogo wa Yatta, katika Kaunti ya Machakos, upande unaoelekea Kitui. Mito ya huko ni ya msimu. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikishapita, mtoni hubaki mchanga mtupu, na mwenye kutaka maji huufukua mchanga huo mpaka ayafikie. Watu hulima ndengu, kunde, mbaazi na mahindi, na mahindi yakikobolewa hupikwa muthokoi. Hapo pana nini cha kumfundisha kijana mambo ya omo na tezi?

Lakini njia ya kutoka Ukambani kwenda pwani ni ya kale kuliko jeshi lenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio waliokuwa wakishusha pembe za ndovu hadi Mombasa kwa misafara yao wenyewe, na baadhi yao wakafanya makazi nyuma ya mji huo, Rabai na kandokando yake. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, alijulikana Mombasa kama alivyojulikana kwao. Ndiye aliyempokea mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849, katika safari ambamo Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Kivoi aliuawa mwaka 1851 wakiwa safarini tena pamoja, kuelekea mto Tana. Kwa hiyo mtu wa Yatta anayeshuka Mombasa leo anafuata mkondo wa mababu, ingawa mzigo umebadilika.

Safari nyingine ya kwenda baharini haikuwa ya hiari. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza ng'ombe wa Machakos kwa nguvu, ikisema ardhi inamomonyoka kwa wingi wa mifugo. Wanaume, wanawake na watoto walikwenda Nairobi kumkabili Gavana Brooke-Popham, wakapiga kambi na kukataa kuondoka. Aliyewaongoza, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu, mbali na malisho aliyoyatetea. Amri ya ng'ombe ililegezwa mwaka huohuo. Sababu moja, kwa maoni yangu nzito kuliko zinavyokiri hotuba za wakati ule, ni kwamba Waingereza waliwahitaji Wakamba katika jeshi lao la King's African Rifles, na vita vilikuwa vinakaribia.

Hapo ndipo uanajeshi ulipokuwa kazi ya nyumbani Ukambani. Kufikia miaka ya 1950 Wakamba walikuwa jeshini kwa wingi uliozidi kabisa sehemu yao katika idadi ya watu wa Kenya. Baada ya uhuru, Joseph Ndolo, Mkamba, akawa Mkuu wa Majeshi, na baadaye Jackson Mulinge, mtu wa Machakos, akashika cheo hicho kuanzia 1978 hadi 1986. Majina haya mawili yanajulikana kila kijiji. Hao walikuwa askari wa nchi kavu. Wale wa baharini hawakuimbwa hivyo, na ndio ninaotaka kuwataja.

Jeshi la majini lilianza kama jambo la wazungu wa Mombasa. Mwaka 1933 kiliundwa kikosi cha akiba cha wanamaji wa kujitolea. Baada ya vita kuu ya pili kilikuja kikosi cha Afrika Mashariki nzima, ambacho mwaka 1953 kiliitwa Royal East African Navy, na gharama zake zikachangiwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kilivunjwa 1962, nchi hizo zikiwa mbioni kujitawala. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizaliwa tarehe 12 Desemba 1964, likiwa chini ya maafisa wa Kiingereza. Mwaka 1966 zilifika boti tatu za doria kutoka Uingereza: Simba, Chui na Ndovu. Mkenya wa kwanza kuliongoza, J.C.J. Kimaro, alipokea uongozi mwaka 1972.

Afisa wa jeshi hilo hupitia kwanza chuo cha Lanet, Nakuru, pamoja na wenzake wa nchi kavu na wa anga, ndipo ashuke kambi ya wanamaji ya Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Wengine hupelekwa Dartmouth, Uingereza. Mafunzoni afisa hujifunza kusoma nyota na ramani za bahari, kujua maji kujaa na kupwa, na kuitambua kaskazi na kusi kama nyumbani anavyotambua dalili za mvua. Jambo linalowatatiza majirani ni vyeo. Wanamaji wa Kenya hutumia vyeo vya jeshi la nchi kavu: luteni, kapteni, meja, kanali, brigedia. Kwa hiyo akirudi likizo na kuitwa Meja, wengi Katangi hudhani ametoka kambi ya Gilgil au Nanyuki, na yeye hana tabia ya kusahihisha.

Kazi yenyewe raia huiona siku za msiba. Kivuko cha Mtongwe kilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272, msiba ulitokea mbele ya macho ya kambi. Gari lilipotumbukia kutoka MV Harambee pale Likoni tarehe 29 Septemba 2019, likiwa na mama na mtoto wake, wapiga mbizi wa jeshi walikuwa miongoni mwa waliolitafuta katika kina chenye giza na mkondo mkali, hadi lilipotolewa tarehe 11 Oktoba. Katikati ya misiba hiyo miwili kulikuwa na maharamia wa Somalia, walioteka MV Faina mwaka 2008 ikielekea Mombasa na vifaru 33. Kisha yakaja mapigano ya Kismayu, Somalia: usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012 askari wa Kenya walishushwa ufukweni kutoka melini, wakati Meja Jenerali Ngewa Mukala alipokuwa kamanda wa wanamaji. Jeshi hili ni dogo kuliko yale mawili mengine. Hata hivyo limetoa wakuu wa majeshi watatu: Joseph Kibwana mwaka 2000, Samson Mwathethe mwaka 2015, na Charles Kahariri mwaka 2024.

Sasa nirudi Katangi, kwa sababu maisha ya afisa hayaishii Mtongwe. Anastaafu angali na nguvu. Miaka aliyokuwa baharini shamba lilikuwa mikononi mwa mke na wazee, na watoto walikua wakimjua kwa barua na likizo. Anaporudi, mji humtaka mara moja: katika bodi ya shule, katika kamati ya bwawa la mchanga, kanisani, katika harambee ya karo. Humtaka kwa sababu amezoea kuandika kila kitu kwenye daftari, saa na tarehe, na kwa sababu fedha za umma akikabidhiwa anazitolea hesabu. Ukambani kuna desturi ya mwethya, watu kukusanyika kufanya kazi ya pamoja, na makinga maji ya vilima vya Machakos ni kazi yake. Mtu aliyezoea zamu za melini huingia humo bila kufundishwa.

Mahali pekee ambapo historia yake huandikwa kikamilifu ni kile kijitabu kinachogawiwa siku ya mazishi: tarehe ya kuandikishwa, meli alizotumikia, kozi, nishani. Baada ya siku chache vijitabu hivyo hufungiwa karanga sokoni. Aliyejiunga na wanamaji mwaka 1966 akiwa na miaka 20, boti ya Simba ilipofika, alizaliwa 1946. Wa rika hilo wamebaki wachache. Shule za sekondari za Katangi zina wanafunzi wenye simu zinazonasa sauti, na wazee hao hukaa barazani kila jioni. Waulizwe walikuwa meli gani, nahodha wao alikuwa nani, waliona nini Lamu na Kismayu, na mshahara wa kwanza walinunulia nini, kisha majibu yapigwe chapa na kuwekwa maktaba ya shule, yakiwa na tarehe.