Kutoka Timazi hadi Atomu

Isiolo ni mji ulio karibu sana na ikweta, na wakati wa jua kuchomoza hautofautiani sana mwaka mzima. Ndiyo maana kuhesabu saa kuanzia mapambazuko kuliwafaa wazee wetu. Walakini mahitaji ya watu yakizidi, usahihi nao hauna budi kuzidi.

Mwaka 1656, Christiaan Huygens wa Uholanzi alibuni saa yenye timazi, ipimayo wakati kwa kubembea. Mwaka 1672, Mfaransa Jean Richer aliichukua saa ya namna hiyo mpaka Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Ilichelewa yapata dakika mbili na nusu kila siku. Haikuwa mbovu: dunia imetuna kidogo katikati, tena inazunguka, kwa hiyo mvuto wake hupungua huko, na timazi hubembea polepole zaidi.

Basi wataalamu walitafuta kipimo kisichobadilika hivyo, wakakiona katika atomu, kwa maana atomu zote za seziamu ni sawa, ziwe Isiolo au London. Louis Essen na Jack Parry walitengeneza saa ya atomu hizo huko Uingereza mwaka 1955. Mwaka 1967, mataifa yalikubaliana kuwa sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi ya seziamu.

Faida yake ni kubwa. Dereva aendaye Marsabit huonyeshwa na simu mahali alipo kwa mawimbi ya satelaiti zenye saa za atomu. Saa hiyo ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300.

Je, usahihi una mpaka? Elimu ya kwanta yafundisha kwamba jibu la kila atomu lina bahati ndani yake, kama sarafu irushwayo juu. Atomu 100 zikijibu kila moja peke yake, kosa hupungua mara 10 tu. Lakini mwaka 2020, wataalamu wa Massachusetts, Marekani, waliziunganisha atomu mia kadhaa za iterbiamu kwa mwanga, hata majibu yake yakategemeana. Kosa la moja likafidiwa na nyingine, na mpaka ule ukavukwa.

Angalieni, wanafunzi: lau Richer angalirekebisha saa yake na kunyamaza, elimu ya umbo la dunia ingalichelewa. Kosa dogo lililopimwa vema ni mlango wa maarifa.