Waya Mahali pa Kapasita

Nilipokuwa kidato cha pili niliiua redio ya babu. Ilikuwa redio ya transista, ya betri nne, na sauti yake ilikuwa imefifia. Nikaifungua. Kati ya transista mbili za sehemu ya sauti palikuwa na kapasita iliyovimba. Sikuwa na nyingine, nikaing'oa na kuunga kipande cha waya. Redio ikanguruma, kisha kimya.

Mjomba wangu, fundi redio pale Bariadi mjini, hakunigombeza.

"Sauti hutikisika, mpwa wangu. Umeme wa betri umetulia. Kapasita hupitisha unaotikisika na kuuzuia uliotulia. Wewe umepitisha vyote."

Transista ya kwanza ilikuwa ikikaa kwenye volti 3 hivi. Ya pili huhitaji chini ya volti 1 tu kujiandaa kufanya kazi. Waya wangu uliibebesha mzigo wa mwenzake, ikaungua. Redio za transista zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, kazi hii ya kuunganisha hatua moja na nyingine nayo ilihitaji kapasita, au transfoma ndogo kama ukucha. Kukuza sauti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuikabidhi.

Babu hakuulizia gharama. Aliniambia redio ile ilifanya nini mwaka 1973, Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga. Kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, iliyorushwa na Redio Tanzania na kufuatwa na watu takriban milioni 2 nchi nzima. Walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, kisha kiongozi wa kikundi akafungua kitabu na mjadala ukaanza. Viongozi hao walikuwa wamefundishwa ngazi kwa ngazi hadi kijijini.

"Redio ilisema Kiswahili cha Dar es Salaam, tena haraka," babu alisema. "Kiongozi wetu alirudia kwa Kisukuma, akaacha yasiyotuhusu. Asubuhi tukachimba vyoo. Bila yeye tungesikia kelele tu."

Mjomba alibadilisha transista na kapasita. Saa mbili usiku babu aliiwasha, akaniita nikae karibu, tukasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Nyuma ya nyumba, shimo la choo la mwaka 1973 lilikuwa limefukiwa zamani. Juu yake ulisimama mpapai.