Umri wa nyota na ile sifuri iliyosahauliwa

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa kisa hiki kitamgusa yeyote aliyewahi kuacha kigeu kikiwa sifuri.

Nyota za kundi moja, kama Kilimia, huzaliwa pamoja. Zile kubwa humaliza haidrojeni ya kiini mapema na kuanza kuvimba. Wanaastronomia huzipanga zote kwenye grafu ya rangi na mwangaza, hutazama ni zipi zinaanza kuuacha mstari, kisha husoma umri wa kundi zima. Ni saa nzuri, ila kwa miaka mingi modeli nyingi zilichukulia kwamba nyota haizunguki. (Mimi pia nilipojaribu kuandika programu ya kukadiria umri, niliandika mzunguko = 0 nikaendelea na chai yangu.)

Mwaka 2007 Mackey na Broby Nielsen walionyesha, kwa picha za darubini ya Hubble, kwamba kundi la NGC 1846 katika Wingu Kubwa la Magellan lina sehemu mbili za kuuacha mstari. Ikaonekana kama lilizaa mara mbili, kwa kupishana miaka milioni 300 hivi! Gesi ya uzazi wa pili ingetoka wapi? Mwaka 2009 Bastian na de Mink wakasema huenda umri ni mmoja, kinachotofautiana ni mzunguko. Nyota yenye kasi hutanuka kiunoni, na pale kiunoni hupoa, jambo ambalo von Zeipel alikuwa amelieleza tangu 1924. Girardi na wenzake wakapinga mwaka 2011: mzunguko pia hukoroga haidrojeni mpya hadi kiini, nyota ikaishi zaidi, na athari hizo mbili hukaribia kufutana.

Ubishi ulihitaji vipimo. Mwaka 2020 Kamann na wenzake walipima NGC 1846 kutoka Chile wakakuta makundi mawili ya kasi, takriban kilomita 60 na 140 kwa sekunde, na zenye kasi ndizo nyekundu zaidi. Jua letu ni kama 2 tu.

Kwa Hyades hali haijatulia. Mwaka 1998 umri wake ulikadiriwa miaka milioni 625. Mwaka 2015 Brandt na Huang waliingiza mzunguko wakapata kama 800. Kisha mwaka 2018 lithiamu ya vibete vya kahawia vya kundi hilohilo, mbinu isiyojali mwendo wa nyota kubwa, ikatoa 650.