Sheria ya Inchi Tano na Ziwa la Nchi Tatu

Tarehe 30 Juni 1994, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mjini Kisumu mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yako Jinja. Wiki kumi baadaye ukafuata Mkataba wa Lusaka dhidi ya biashara haramu ya wanyamapori na mimea, ambao kikosi chake kilianza kazi Nairobi mwaka 1999. Wa Lusaka hutajwa kila pembe za ndovu zinaponaswa. Wa Kisumu hausikiki sana, nami naona tunaukosea haki, kwa kuwa ulizaliwa baada ya hasara kubwa.

Hasara hiyo ilianza na reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1905 nyavu za kutega kutoka Ulaya zikaingia Ghuba ya Winam, na ngege, samaki wa asili wa ziwa hilo, wakapata soko hadi bara. Haikuchukua miaka mingi kabla ya nyavu kuanza kurudi nyepesi. Serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu wa uvuvi, Michael Graham, aliyelichunguza ziwa zima mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ilishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5, na uvuvi wa ziwa lote usimamiwe na mamlaka moja. Sheria ya inchi 5 ilipita miaka ya 1930. Mamlaka ya pamoja ilingojewa hadi 1947.

Ngege walipozidi kuadimika, macho madogo ndiyo yaliyoleta kitoweo, na askari wa uvuvi walikuwa wachache mno. Mwaka 1956 Uganda na Tanganyika zikaifuta sheria. Kenya iling'ang'ana nayo peke yake hadi 1961. Hebu fikiria kazi ya afisa wa Kisumu miaka hiyo: anamnyang'anya mvuvi wavu ambao ng'ambo ya pili ni halali, katika maji yaleyale, kwa samaki walewale. Mwaka 1960 hata ile mamlaka ya pamoja ilivunjwa. Mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliyepandikizwa ziwani miaka hiyohiyo, akaongezea balaa. Leo anayetaka kumwona ngege wa asili ni afadhali aende Ziwa Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala kule Siaya.

Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Uganda ina 43 na Tanzania 51. Ndiyo maana mkataba wa 1994 una uzito zaidi kwetu kuliko kwa majirani: peke yetu hatuwezi kumlinda samaki yeyote. Chini ya shirika hilo nchi hizo zilikubaliana kuwa mbuta wa chini ya sentimita 50 asivuliwe, kwani hajazaa, na wa zaidi ya 85 aachwe kama mbegu. Tangu 2007 kamati za wavuvi ufukoni, zikiwemo za Dunga, zina nguvu ya kisheria kusimamia hayo.

Kinachozisumbua kamati hizo sasa ni mabondo, vifuko vya hewa vya mbuta vinavyouzwa ghali Hong Kong na China. Kadiri samaki alivyo mkubwa ndivyo bondo linavyolipa, kwa hiyo wanaosakwa ni wazazi walewale ambao makubaliano yalitaka waachwe. Uganda iliingiza jeshi ziwani mwaka 2017, na wavuvi wetu wamekuwa wakilalamika kukamatwa na kunyang'anywa mashine karibu na kisiwa cha Migingo. Doria ya nchi moja humkuta mvuvi wa jirani kama mvamizi. Doria ya pamoja, yenye maafisa wa nchi zote tatu ndani ya boti moja, ingemuuliza kwanza ukubwa wa macho ya wavu wake.