John Kilaka, mchoraji wa wanyama waliovaa nguo

Tembo ana shati, sokwe anapeleka samaki sokoni. Ndivyo wanyama wanavyoishi katika vitabu vya picha vya John Kilaka, mwandishi na mchoraji aliyezaliwa mwaka 1966 mkoani Rukwa.

Mkono wake ni wa tingatinga, uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, aliyetumia rangi za mafuta kwenye vipande vya mbao za kushindiliwa. Wengi waliomfuata walichora kwa ajili ya watalii. Kilaka akaihamishia rangi hiyo kali kwenye kurasa za watoto, na huo ndio ubunifu wake mkubwa.

Hadithi zenyewe huzifuata vijijini, kwa wazee. Katika kimoja cha vitabu vyake, ukame umepiga na mti mmoja tu una matunda mabivu, lakini hayaanguki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Kobe mwenye hekima analijua. Wakubwa wanatumwa kwake, wanarudi wamelisahau. Sungura, aliyedharauliwa kwa udogo wake, ndiye anayelishika.

Vitabu hivi vilichapishwa kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Kile cha urafiki wa panya na tembo kilishinda tuzo ya New Horizons huko Bologna, Italia. Kilaka pia husimulia hadithi zake mwenyewe mbele ya watoto.