Mabawa ya Karagwe

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, akafunguliwa nyumba ya hazina. Mlikuwa na mikuki, vyombo vya chuma vilivyomvutia kwa ufundi, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na mabata 16 ya shaba njano yenye mabawa ya shaba nyekundu. Mabata hayo aliyaona kazi ghafi, akaendelea na safari. Mimi ningekaa hapo siku nzima. Mhunzi aliyeamua kwamba mwili wa ndege uwe wa madini moja na bawa la madini mengine alikuwa anafikiria kuruka.

Hakuwa peke yake. Huku kwetu mkoa wa Kagera, magharibi mwa Ziwa Victoria, chuma kiliyeyushwa kwa takriban miaka 2,000. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science kwamba wahunzi wa kale wa Buhaya, jirani na Karagwe, waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, ili upepo wa mivukuto upate moto kabla ya kukutana na makaa. Watu waliojua kuamrisha upepo kiasi hicho hawakuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba hewa ni kitu chenye nguvu. Walipofika wasafiri Speke na Grant mwaka 1861, ufalme wa Karagwe ulikuwa na wahunzi wake tayari, ingawa Speke alishughulika zaidi kuliita ziwa dogo la pale Windermere, kwa jina la ziwa la kwao Uingereza.

Huko Italia Leonardo da Vinci, aliyezaliwa mwaka 1452 na kufa mwaka 1519, alikuwa amejaza madaftari kwa mashine za kuruka. Mojawapo ni parafujo kubwa ya kitani kilichopakwa wanga, ya kuzungushwa ili ipande hewani. Haingeruka. Watu wanaosukuma mhimili kwa miguu huku wamesimama juu ya chombo hichohicho wangekizungusha chombo kinyume chake. Mwaka 1505 aliandika daftari zima kuhusu jinsi ndege wanavyoruka, na hilo halikuchapishwa hadi 1893. Usiku wa karibu miaka 400! Hata hivyo karatasi ilibaki. Leonardo alituachia michoro bila mabawa. Wahunzi wa Rumanyika walitengeneza mabawa bila kutuachia mchoro hata mmoja, na vyuma vyenyewe vikatawanyika, vingine vikavuka bahari enzi ya ukoloni.

Jirani zetu Waganda wao wana Kibuuka, shujaa wa Visiwa vya Ssese, aliyeruka juu ya mawingu akiwamiminia Wanyoro mishale wakati wa Kabaka Nakibinge. Wanasimulia kuwa siri yake ilitolewa na mwanamke mateka. Masalia yanayosemwa ni yake yalikaa Cambridge tangu mwanzo wa karne ya 20, yakarudishwa Uganda mwaka 1962. Hata mtu aliyeruka kwa hadithi tu aliwekewa jalada.

Halafu zikaja ndege za kweli, na hazikuja kwa heri. Mwaka 1978 ndege za kivita za Idi Amin zilishambulia mkoa huu, ambao ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979, baada ya vita. Mwaka huohuo, tarehe 12 Juni, Bryan Allen alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa kupiga pedeli ndani ya Gossamer Albatross, chombo cha kilo 32 chenye mabawa ya karibu mita 30. Ndoto ya Leonardo ya kuruka kwa misuli ilikuwa imetimia kwa plastiki na nyuzi za kaboni.

Basi nami, hapa Kaisho, nimechora ndege yangu. Fremu ni ya baiskeli, mbavu za mabawa ni mianzi, na ngozi yake ni nguo ya mbugu. Cheni mbili zinazungusha panga la mbao. Mbele nimeiwekea kishungi cha spoku kama cha korongo taji. Hakina kazi yoyote, lakini chombo bila kishungi hakina heshima. Nyuma kuna kikapu cha kahawa, jambo ambalo afisa forodha wa mpakani Murongo asingelipenda. Hesabu nayo haipendi. Mbugu ikinyeshewa inalemea, na kwenye miinuko hii hewa ni nyepesi kuliko pwani, hivyo bawa lazima lizidi kurefuka. Mtu wa kawaida hutoa wati 75 hivi kwa kazi ya muda mrefu, kiasi cha kuwasha taa moja ya zamani. Mchoro wangu hautaruka.

Hauko peke yake. Huko Nyeri, Kenya, Gabriel Nderitu aliunda ndege akitumia injini ya gari, na Chris Nsamba wa Uganda alijenga ya kwake katika ua wa mama yake, Ntinda, Kampala. Watu waliwacheka kwa wepesi mno. Kucheka ni halali ndege ikishindwa kupaa, ila siyo kabla ya kuuliza bawa lilikuwa na upana gani na injini ilikuwa na nguvu kiasi gani. Bila vipimo vilivyoandikwa, fundi wa pili anaanza upya kosa la fundi wa kwanza.

Kwa hiyo fundi wa kuchomelea au wa baiskeli unayesoma haya, uwe Kaisho, Isingiro au Murongo: ukibuni kitu, kichore kabla ya kukikata. Andika urefu, uzito, tarehe na jina lako, kisha nakala moja mpe mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani aitunze.